Umetumwa na nani, kijana wangu?

Swali lililonifundisha hii kazi ya kutafiti maoni ya watu sikulikuta darasani. Niliulizwa na bibi mmoja kijijini huko kanda ya kati, enzi hizo mi mdodosaji tu, begi mgongoni, madodoso kibao na posho ya kuhesabu. Nikamwamkia, nikajieleza, nikatoa kibali, akanisikiliza weee halafu akaniuliza, "umetumwa na nani, kijana wangu?" Nikasema chuo kikuu. Akacheka.

Sasa pembeni yangu alikaa balozi wa nyumba kumi aliyenileta, na balozi kwa wasiojua ni mtu wa chama, si mwajiriwa wa serikali, ila kule kijijini nani anahangaika kutofautisha. Basi kila nilichouliza jibu ni moja. Maji? Yapo. Zahanati? Nzuri tu. Viongozi? Wanajitahidi. Balozi alipoinuka kwenda kuangalia ng'ombe wake, bibi akaniambia "haya, funga hilo daftari tuongee". Kumbe maji yenyewe wanafuata mwendo wa saa nzima.

Siku hizi nafundisha sayansi ya siasa, mtaani wananiita profesa na wanaamini kazi yangu ni kutabiri nani atashinda uchaguzi. Hapana jamani. Muda mwingi nahangaika na kitu kile kile cha yule bibi, yaani mtu anamjibu nani pale anaponijibu mimi.

Watu wanauliza sana, mtahojije watu 2,400 halafu mseme Watanzania wanasema hivi, wakati sensa ya 2022 imehesabu watu milioni 61 na ushee? Idadi sio tatizo kabisa, tatizo ni wamepatikanaje. Ukichagua maeneo kwa bahati nasibu, ukaruka nyumba kwa hesabu maalumu, na ndani ya nyumba ukachagua mtu kwa kadi badala ya kumhoji baba mwenye nyumba kisa ndo kakufungulia mlango, majibu ya hao 2,400 yanaweza kupishana na ya nchi nzima kwa kama asilimia 2 tu juu au chini. Hiyo ndo sampuli ambayo Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya watu Afrika, wamekuwa wakiitumia sana kwa Tanzania. Ila hizo asilimia 2 hazimhesabu balozi aliyekaa pembeni! Ndo maana wale Afrobarometer mwishoni kabisa mwa dodoso wanamuuliza mhojiwa, unadhani nani ametutuma? Na wengi tu wanasema serikali, japo wameshaambiwa mwanzoni kwamba sivyo, na mara nyingi hao ndo wanaoisifia serikali kuliko wenzao.

Wanafunzi wangu nawaanzishia na Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi ikiuliza wananchi wanataka chama kimoja au vingi, karibu asilimia 80 wakasema kimoja, tume ikapendekeza vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. Hapo lekcha inawaka moto, hata wale waliokuja na madesa ya mwaka jana wanaamka. Kuna wanaosema watu waliogopa kuongea mbele ya tume iliyoundwa na rais, kuna wanaosema watu walihofia vita kwa dhati kabisa. Mi naona vyote vilikuwepo, lakini kinachosahaulika ni kwamba wengi wa hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, kwa hiyo ile "ndiyo" yao haikuwa nyepesi vile.

Kuhusu pepa, yaani makala zetu za utafiti, sina mengi, tunaandika kwa Kiingereza, tunapanda vyeo, waliotujibu hawasomi. Hilo linaniuma, ndo nikaanza kurudi vijijini na matokeo kwenye karatasi moja, ya Kiswahili, na tunakaa tunafundishana kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, na unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi 3, sio pale mwenyekiti anapojisikia. Mwanzoni walinishuku balaa, mwenyekiti kaona nimeletwa na wapinzani, wananchi wakaona najipanga kwa ubunge, wengine wakaanza kabisa kuniomba mipira ya vijana.

Mwaka jana nikaalikwa mkutano mmoja, nikakaa nyuma kimya. Mtendaji akasoma taarifa mbio mbio kama anakimbizwa, alipomaliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akauliza ushuru wa mnada miezi mitatu yote mbona hausomeki humo. Mtendaji akanitupia jicho mimi kwanza, kisha akamgeukia, "mama, umetumwa na nani kuuliza hilo?"

"Nimejituma," akajibu, na hakukaa chini mpaka ile taarifa ikafunguliwa upya ukurasa wa kwanza.