Mafunzo ya ukunga: njia za kuingia na kinachomfanya mtu awe mkunga kamili

Mkunga aliyesomea ni mtu aliyemaliza mafunzo ya ukunga yanayotambulika katika nchi yake, akafaulu, kisha akasajiliwa au kupewa leseni. Vyote hivyo vinahitajika. Mwenye cheti ambaye bado hajasajiliwa hana ruhusa ya kufanya kazi kama mkunga, hata kama aliongoza darasa zima. Mkunga wa jadi, aliyefundishwa na mama au bibi yake, ana heshima yake katika jamii, lakini maana hii haimgusi.

Njia kuu za kuingia ni mbili. Ya kwanza ni kusomea ukunga moja kwa moja baada ya sekondari, na kwa kawaida vyuo hutaka ufaulu mzuri wa sayansi, hasa biolojia. Viwango vya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga vinataka mafunzo haya yasipungue miaka 3. Uholanzi ni shahada ya miaka 4. Njia ya pili hupitia uuguzi: unakuwa muuguzi kwanza, halafu unasomea ukunga kwa muda usiopungua miezi 18. Marekani wakunga wengi ni wauguzi waliokwenda kusoma shahada ya uzamili ya ukunga. Zipo pia nchi zinazofundisha uuguzi na ukunga katika kozi moja, na hapo mwombaji awe macho, kwa sababu ukunga ukibanwa katikati ya masomo mengine, muda wa vitendo leba, yaani chumba cha kujifungulia, ndio huwa wa kwanza kupunguzwa.

Kwangu mimi, anayejua kabisa kwamba anataka kuwahudumia wajawazito na watoto wachanga aende moja kwa moja. Aliyepitia uuguzi naye ana faida yake: mjamzito mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo hatamshtua, kwa kuwa ameshauguza wagonjwa wa aina hiyo wodini.

Njia yoyote utakayochagua, uzito uko kwenye vitendo. Shirikisho hilo linataka angalau nusu ya mafunzo iwe vitendo, na nadharia isipungue asilimia 40. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi na kuweka hesabu: mwanafunzi afanye vipimo vya wajawazito visivyopungua 100, na azalishe mwenyewe, chini ya uangalizi, wanawake wasiopungua 40. Wanawake wanaojifungua wakiwa wachache, idadi hiyo inaweza kushuka hadi 30, mradi awe amesaidia wengine 20 wakati wa kujifungua.

Hesabu hizo zina sababu. Chukua jambo moja tu, ukaguzi wa kondo la nyuma. Mtoto ameshalia, ndugu wanashangilia, lakini mwanafunzi hajamaliza kazi. Analitandaza kondo kwenye trei, anageuza upande uliokuwa umeshikana na mji wa mimba, anatazama kama vipande vyote vipo na kama utando umetoka wote. Kipande kidogo kikibaki ndani, mji wa mimba unaweza kushindwa kukaza vizuri na mama akavuja damu nyingi wakati kila mtu anadhani mambo yameisha. Picha ya kitabuni haitoshi kukuzoesha jicho hilo. Unalipata kwa kuangalia kondo moja baada ya jingine, mkufunzi akiwa pembeni, ndipo anapotia saini kwenye daftari lako la mafunzo.

Mengine huanzia kwenye mdoli. Kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kwa mfano, hurudiwa darasani mpaka mikono iwe myepesi, maana dakika ya kwanza ndiyo inayopiganiwa.

Baada ya usajili, mkunga huendelea kusoma. Nchi nyingi hutaka leseni ihuishwe kila baada ya muda fulani kwa ushahidi wa mafunzo endelevu, na anayetaka anaweza kupanda hadi uzamili, ukufunzi au utafiti.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, waulize chuo mambo haya: je, baraza linalosajili wakunga linaitambua kozi hii? Wanafunzi huenda hospitali gani kwa vitendo? Wanaohitimu huwa wamezalisha wangapi kwa mikono yao wenyewe, na ni wanafunzi wangapi wanaogombea leba moja kwa zamu? Chuo kinachosita kujibu swali la wangapi wamezalishwa, mimi nisingekipa ada yangu.