Mwani unatibu kansa? Ngoja kwanza tuongee

Kila nikishuka Paje wakati wa bamvua, kina mama wameinama kwenye vigingi wanafunga mwani, lazima mmoja aniulize eti dokta, ni kweli huu mwani wetu unatibu kansa? Kaona kwenye watsapu. Mi ni dokta wa mwani lakini, sio wa watu.

Iko hivi. Maji yakitoka mwani hauna pa kukimbilia, jua lote linaupiga pale pale, kwahiyo umejitengenezea kinga yake, ndo hizo antioksidanti, kemikali zinazozuia seli zisiharibike. Maabara tunaukausha, tunausaga, tunauloweka kwenye methanoli, alafu ule mchuzi wake tunautia kwenye kemikali inaitwa DPPH, rangi yake imekolea kama juisi ya zambarau, tunaweka gizani nusu saa, ukitoa ukakuta imekuwa njano basi zipo. Inapendeza kwakweli, mpaka leo huwa naita wenzangu waje waone.

Sasa kansa. Inayotajwa sana ni fukoidani, aina ya sukari ya mwani, na hiyo inatoka kwenye mwani wa kahawia, ule unaotupwa ufukweni na mawimbi. Spinosamu na kotonii tunazolima Zanzibar tangu 1989 ni mwani mwekundu, zenyewe zina karaginani, ile ya kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Hilo watu wa watsapu hawalisemi. Ni kweli fukoidani ukiiweka kwenye kisahani cha maabara seli za kansa zinaanza kujiua zenyewe, ila jamani hata chumvi ya jikoni ukiizidisha kwenye kile kisahani seli zinakufa, mbona hatusemi chumvi inatibu kansa? Alafu fukoidani ni molekuli kubwa, ukiinywa inayopenya kutoka tumboni kuingia kwenye damu ni kidogo mno.

Kachumbari ya mwani kula, sabuni yake ogea. Unga wa mwani wa kunywa kila siku ndo unanitia wasiwasi, maana mwani wa kahawia una madini joto mengi, yakizidi yanavuruga tezi ya shingo, na ukiwa unatumia dawa za kufanya damu isigande mwambie daktari wako kabla hujagusa.

Mama mmoja nikamuuliza, kwani nani anaumwa? Akanyamaza, akasema dada yangu, kansa ya titi, kaacha kliniki anakunywa unga asubuhi na jioni. Nikamwambia, dada yako huo unga auweke pembeni, kliniki arudi wiki hii hii.