Rivolva kubwa hairushi mtu nyuma jamani

Tangu enzi za vibanda umiza pale Mwanga, Kigoma, tumekaririshwa kwamba ukipigwa na 44 Magnum, ile rivolva kubwa, unaruka nyuma mpaka unavunja kioo cha dirisha. Hapana aisee. Risasi yake ya kawaida ina gramu kama 15.5, inatoka kwa spidi ya mita 400 hivi kwa sekunde, sasa piga hesabu kwa mtu wa kilo 70, inamsukuma kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, yaani hata mama mwenye tenga la dagaa akikupitia na bega pale mwaloni anakuyumbisha zaidi. Anayeanguka kaangushwa na jeraha au mshtuko, miguu inaisha nguvu, anadondoka palepale.

Na msukumo huohuo unamrudia mpigaji, ingekuwa inarusha watu si naye angeruka? Yeye mkono tu ndo unapaa juu, maana chuma chenyewe ni kilo 1.3 na ushee tu, chepesi mno kuliko mwili mzima, ndo mana kuipiga mara ya pili kwa shabaha ni kazi. Marekani ilikotoka miaka ya 1950 wengine wanawindia, wengine wanaibeba porini kwa ajili ya dubu, huko sawa. Kiunoni mjini, risasi sita na uzito wote ule, mi naona ni sifa tu.