Je, ugali una nguvu kuliko wali?

Kwenye vibanda vya chakula kando ya mijengo ya Nairobi utasikia hili kila mchana: ugali ndio chakula cha nguvu, wali ni wa kupitisha wakati tu. Imani hii haikutoka hewani. Ugali ni mzito mkononi na hukaa tumboni. Ila kushiba ni jambo moja, nguvu ni jingine.

Vyote viwili kwa sehemu kubwa ni wanga. Tafuna tonge la ugali polepole, bila sukuma wiki, kwa dakika nzima: litaanza kuwa tamu. Hapo mate yameanza kuukata wanga kuwa sukari. Utumbo humalizia, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ileile, iwe ilianza kama mahindi ya Kitale au mpunga wa Mwea. Ndani ya seli glukosi huvunjwa, kisha mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu, huikamilisha kwa oksijeni tunayovuta. Zao lake ni ATP, molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli, ambayo ndiyo msuli huitumia kuinua karai la kokoto. Masalia ni maji na kabonidioksidi unayoipumua nje.

Ukiwa dukani, geuza pakiti ya unga na ya mchele utafute kilokalori, yaani nguvu iliyomo, kwa gramu 100. Kwa kawaida zote hukaribia 350. Kinachotofautiana ni kipimo: bonge la ugali wa kibandani laweza kubeba unga mwingi kuliko mchele ulio kwenye sahani ya jirani yako. Mwenye mizani jikoni apime vikavu, kabla ya kupika.