Wali wa jana na moto wa leo: maelezo kwa wapishi wa sherehe Dodoma

Katika kazi yangu ya uafisa afya mazingira hapa Dodoma, kauli ninayoisikia mara nyingi jikoni ni kwamba moto unaua kila kitu, na kwa hiyo wali uliolala ukipashwa vizuri hauna neno. Wanaoisema ni wapishi hodari, baadhi yao wamepikia harusi na semina tangu kabla sijaajiriwa. Kwa maji ya kunywa na nyama mbichi wako karibu sana na ukweli, lakini kwa wali ulioachwa sufuriani usiku kucha kauli hiyo ni ya hatari.

Katika mchele mara nyingi huwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayetoka shambani pamoja na udongo. Mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda, na katika hali hiyo, inayoitwa spora, anaweza kustahimili kuchemka. Hapa kwetu maji hayafiki hata nyuzi 100, kwa kuwa mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Wali ukishaepuliwa na kuanza kupoa, spora huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao huacha ndani ya chakula sumu ambayo moto wa kupasha hauiharibu. Mlaji huanza kutapika kati ya dakika 30 na saa 6 baada ya kula.

Nyama na maharage yana bakteria wake, Clostridium perfringens, ambaye spora zake nazo huvumilia kuchemka, na ambaye hustawi katikati ya sufuria kubwa kusikofika hewa. Huyu, akishaamka, hufa chakula kikipashwa chote hadi nyuzi 74, lakini kupasha juu juu humwacha hai, na tumbo husokota na kuhara saa 6 hadi 24 baadaye.

Tatizo, basi, liko katika saa za kupoa. Niliwahi kuchomeka kipimajoto katikati ya sufuria ya pilau ya watu 200, saa tano baada ya kuepuliwa, nikakuta bado ina uvuguvugu ambao bakteria hawa wanaupenda kuliko wowote. Ilikuwa Julai, na mpishi alikuwa ameniambia kwa nia njema kabisa kwamba baridi ya Dodoma usiku inatosha kuwa friji. Baridi ile hupoza ukingo na mfuniko, katikati haifiki.

Chakula kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kati ya hapo kipite upesi: kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria kubwa haiwezi kufanya hivyo hata ikiingizwa kwenye friji nzima nzima. Pakua wali kwenye sinia pana, kina kisichozidi sentimita 5, ndipo uuingize. Hotipoti hutunza joto lililopo bila kuliongeza, hivyo ikishuka chini ya 60 nayo huwa mahali pa kuwalea bakteria. Mama lishe asiye na friji namshauri apike kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, ingawa najua mkaa unamgharimu.

Mikono nayo isisahauliwe, hasa ya anayechambua kuku aliyekwisha kuiva, kwa sababu takribani mtu mmoja kati ya watatu wenye afya njema hubeba puani bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye sumu yake pia haivunjwi na kupasha.

Kamati za harusi huniuliza wafanye nini wakati ukumbi hauna jiko. Ninawaomba wakubaliane na mpishi kwa maandishi saa ya kuepua, wamlipe aanze kazi alfajiri ya siku yenyewe badala ya jioni ya kuamkia sherehe, na wanunue kipimajoto kimoja cha kuchomeka kabla ya kulipia mapambo.