Je, kumuuliza swali anayekusaili kwa kazi ya mauzo ni utovu wa adabu?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kwenye usaili mwenye kuuliza ni bosi tu. Ukiambiwa mwishoni, "Una swali lolote?", jibu la heshima ni "Hapana, asante," usije ukaonekana mjuaji. Imani hiyo imetokana na malezi mema: mbele ya mkubwa, sikiliza.

Lakini kazi ya mauzo yenyewe ni kuuliza. Simama kwenye duka la majiko Kariakoo uone: muuzaji mzoefu hakimbilii bei. "Dada, kwako mnakula watu wangapi? Mnatumia gesi au mkaa?" Ndipo anashusha jiko. Anayekusaili anataka kuiona tabia hiyohiyo, na nafasi ya kuuliza kakupa mwenyewe.

Uliza basi yanayogusa kazi. Nitatafuta wateja wapya au nitakabidhiwa waliopo? Lengo la mauzo la mwezi hupangwaje? Kamisheni hulipwa mteja akiagiza, au mpaka alipe? Hili la mwisho usiliache kabisa, maana mteja wa mkopo anaweza kukuzungusha miezi huku nauli ya kutoka Mbagala ikikutoka mfukoni. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi ujira wako na namna unavyokokotolewa. Isome mwenyewe.

Ukiwa bado na shaka, muulize mwenye duka yeyote mtaani kwenu aliyewahi kuajiri muuzaji: kati ya aliyenyamaza na aliyeuliza kwa adabu, alimchukua nani?