Kipimo cha RT kikiwaka kwenye CHO, usimwage chupa

Nimetumiwa tena ile voisi ya WhatsApp, safari hii na dada mmoja hapa Kampala ambaye mamake anachomwa trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti, ati sindano inatengenezwa kwa seli za panya zilizojaa virusi, je aiache? Dada, mama asiache dawa, aende tarehe yake na maswali ampelekee daktari. Alafu juzi kijana wa maabara alikuwa karibu kumwaga chupa zote za CHO, seli zinazotumika kutengeneza dawa kama hiyo, sababu kipimo cha RT (kimeng'enya cha retrovirusi, kinachogeuza RNA kuwa DNA) kimetoka positivu. Jamani, imani ni ileile, kwamba ukiona dalili ya virusi basi kuna maambukizi, na nimechoka nayo.

CHO ni seli za ovari ya hamsta wa Kichina, jamaa wa panya, Theodore Puck alizianzisha mwaka 1957. Kwenye jenomu ya hamsta kuna mabaki ya retrovirusi za kale zilizoingia kwenye mayai na mbegu za mababu zake, zinarithiwa tu mzazi hadi mtoto. Hata sisi binadamu tunayo, kama asilimia 8 ya jenomu yetu. Baadhi ya hayo mabaki seli bado inayasoma, inatengeneza protini, protini zinajikusanya zenyewe na vichembe vya kama nanomita 100 vinachomoza kwenye utando, ukiweka chini ya hadubini ya elektroni unaona viduara vyenye kiini cheusi, vingine havijakatika bado kutoka kwa seli. RT imo humo ndani, ndo maana kipimo kinawaka, na kitawaka hata kama hakuna kitu kimeingia kutoka nje. Toa kichupa cha seli zilezile zilizogandishwa zamani kwenye benki ya seli, pima hizo na za sasa siku moja. Zikilingana, endelea na kazi. RT ya seli za sasa ikiwa imepanda sana, hapo tuongee.

Picha ya boda imesimama haikuambii kama ina injini. Swali ni kama kichembe kinaambukiza, na hilo unalijibu kwa kumwaga midia (maji ya kulishia seli) ya CHO juu ya seli zingine, za binadamu, za wanyama wengine, unazihamishia chupa mpya mara kwa mara kwa wiki kadhaa uone kama kuna kinachozaana. Kwa vichembe vya CHO jibu limekuwa hapana miaka yote.

Sasa kinachoniudhi kabisa: mtu akisikia hiyo hapana anaipeleka kwa seli za panya wa kila aina. Hapana! NS0 na SP2/0, nazo hutumika kutengeneza dawa, ni seli za myeloma (saratani ya seli za damu) ya panya, na zinaweza kutoa retrovirusi zinazoambukiza seli za binadamu kwenye chupa. Alafu ndani ya seli za panya hukohuko kuna vichembe vya aina A vinavyochomoza kuingia kwenye retikulamu (mtandao wa utando ndani ya seli) na kubaki humohumo, havitoki nje, kwa hiyo kabla hujasema umeona virusi niambie umeviona wapi na ni aina gani. Na kirusi cha XMRV je? Uvimbe wa tezi dume ya binadamu ulikuwa unapandikizwa kwa panya, vipande viwili vya virusi vya kurithi vya panya vikaungana, kikatoka kirusi kinachoambukiza, kikahamia kwenye 22Rv1, seli za maabara zilizotokana na uvimbe huo. Mwaka 2009 makala kwenye Science ikakihusisha na ugonjwa wa uchovu sugu, 2011 ikaondolewa. Wagonjwa walitishwa kwa sababu ya panya wa maabara.

Na kuna kitu vitabu vinapita haraka: "haviambukizi" maana yake havikuambukiza seli tulizojaribu, kwa masharti tuliyoweka. Mimi hilo linanikosesha raha, na nafurahi viwanda havilitegemei peke yake. Dawa inapitishwa kwenye asidi au ditajenti, kwenye kromatografia (nguzo za kutenganisha protini), kwenye vichujio vya kama nanomita 20, na kwa kuwa vichembe vya hamsta havioteshwi, wanaongeza kwa makusudi X-MuLV, kirusi hai cha panya, wapime kila hatua inaondoa kiasi gani. Wanahesabu vichembe kwenye midia, ambavyo vinaweza kufika mamilioni kwa mililita, wanatoa kilichoondolewa, na wengi wanalenga kibaki chini ya kimoja kwa dozi milioni.